Mama Mkwe na Chumba cha Mapazia

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa barabarani nje ya ofisi ya mipango miji, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi mwa mlinzi. Kiatu nimesharudishiwa. Kibali ndicho bado.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nisimwache njiani. Mimi ni mshona mapazia. Naishi na mume wangu, dereva wa malori ambaye siku hizi namwona zaidi kwenye simu kuliko mezani, na mama yake mzazi, ambaye nampenda kuliko nilivyokusudia.

Mama mkwe hawezi tena kupanda ngazi, na vyumba vya kulala vyote viko juu. Kwa hiyo analala sebuleni, kwenye kitanda cha kukunja, nyuma ya pazia nililomshonea kwa mikono yangu. Zito, lina bitana, halipitishi hata mwanga wa taa. Pazia la kujivunia.

"Zuri sana, mwanangu," aliniambia siku nilipolitundika. "Lakini pazia si mlango."

Basi tukaomba kibali cha kuongeza chumba kimoja chini, ubavuni mwa nyumba, chenye mlango wake wa kufunga na kufungua anapotaka yeye. Ofisi ikakataa. Walisema ukuta wetu ungemzibia jirani jua la asubuhi. Jirani mwenyewe mimi namwita Bwana Kivuli. Ndiye aliyekwenda kulalamika kwamba tutaziua nyanya zake kwa giza.

Nikaenda ofisini kuwaeleza maofisa ninavyowaona. Niliwaeleza vizuri mno. Ndipo mlinzi, ndipo kiatu.

Jioni ya siku hiyohiyo simu ikalia. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa mji wa mbali kwenye ghorofa lenye lifti.

"Wifi, nasikia umefukuzwa hadi kwenye lami."

"Sikufukuzwa. Nilisindikizwa."

"Haya, msindikizwa. Nimezungumza na mama. Mkikata rufaa mkishindwa, nakuja na gari kumchukua. Huku atapata chumba."

"Huko wewe unatoka asubuhi unarudi usiku. Atazungumza na nani, lifti?"

"Atakuwa na mlango, wifi. Wewe una nini? Pazia?"

Akakata simu. Nikamgeukia mama mkwe kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuwa akikunja khanga yake polepole, macho chini.

"Umekubali, mama?"

"Nimechoka kuvaa nguo nikiwa nasikia watu wanakula upande wa pili, mwanangu. Sikuachi kwa ubaya."

Usiku huo niliamua kuufungia ulimi wangu kabatini. Kesho yake nikaenda kutafuta mtu mwenye ulimi wa kitaalamu.

*

Ofisi yake iko juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Unapanda ngazi zinazonuka mpira mpya, unasukuma mlango unaogoma, na mbele yako anakaa mwanamke wa makamo, miwani kwenye nywele, bakuli la karanga mbele yake, michoro imesokotwa na kusimamishwa kila pembe kama mikeka dukani. Mlangoni pameandikwa mshauri wa mipango miji. Mimi namwita Mtaalamu.

"Umekuja kulia au kukata rufaa?" akaniuliza.

"Vyote viwili, dada."

"Kulia kuna benchi pale nje. Rufaa ni humu ndani. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza kumweleza habari za Bwana Kivuli, roho yake ilivyo ndogo, nyanya zake zilivyo ndogo kuliko roho yake. Akainua kiganja.

"Mdogo wangu, mimi nilikaa ofisi ile miaka mingi. Nilikuwa nakataa maombi kama haya tangu asubuhi hadi jioni. Unajua nini hakikuwahi kunibadilisha mawazo?"

"Nini?"

"Matusi. Na machozi. Havina vipimo. Nipe mchoro."

Nikampa. Akauinamia kwa muda mrefu, anatafuna karanga, anapima kwa rula, anaandika pembeni, anapima tena.

"Wamekosea," akasema hatimaye.

Nilitaka kumbusu.

"Wameona ukuta na nyanya kwenye karatasi moja wakaogopa. Hakuna aliyekipigia hesabu kivuli. Mimi nimekipigia. Asubuhi kitaishia kwenye njia ya jirani, kabla ya tuta la kwanza. Nyanya hazitaguswa."

"Basi tumeshinda!"

"Hatujashinda. Mkaguzi wa rufaa atakuja kuona kwa macho yake, na hesabu yangu kwake ni karatasi nyingine tu. Kwa hiyo tutamjengea chumba."

"Bila kibali?"

"Nguzo nne za mbao na kamba. Vipimo vya mchoro, vilevile. Asimame pale aone chumba kinaanzia wapi na kuishia wapi."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo akili ilipoanza kunivimba. Kamba! Mimi, mtu ninayevisha kumbi nzima, nimwonyeshe mkaguzi kamba?

"Dada, nikizitundikia mapazia hizo nguzo? Mazito, ya giza, urefu wa ukuta. Kivuli chenyewe akione kimelala chini."

Akaacha kutafuna. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kichwa.

"Hilo," akasema, "sijawahi kuliona. Fanya. Lakini vipimo vya mchoro."

"Dada, mimi na futi kamba tulizaliwa tumbo moja."

Lililobaki, alisema, ni mimi kukaa kimya siku ya mkaguzi. Neno lolote atalisema yeye. Nikaapa.

*

Siku ya mkaguzi niliamka na jua. Wifi naye alikuwa amewasili, gari ameliegesha limeelekea barabarani tayari kwa kuondoka, nyuma amelaza viti ili kile cha magurudumu kiingie. Alinikuta juu ya ngazi natundika pazia la mwisho.

"Wifi, hili hema la nani? Kuna msiba au harusi?"

"Itategemea na mkaguzi. Shika hii nguzo."

Akashika. Wifi yangu ana mdomo mchafu lakini mikono yake haikatai kazi. Tulipomaliza tukarudi nyuma kutazama. Nitawaambia ukweli, nilijipongeza. Kuta tatu za kitambaa cha kahawia zilizonyooka kama zimepigwa pasi, na ya nne ukuta wa nyumba. Upande wa mbele niliacha nafasi ya mlango.

Mama mkwe akatoka nje kwa kiti chake, anajisukuma mwenyewe. Akakisimamisha penye nafasi ya mlango. Kisha akaagiza, "Leteni kitanda changu."

"Mama, ni maonyesho tu," wifi akasema.

"Nimesema leteni kitanda."

Tukakileta. Tukakiweka penye ukuta, pale kilipochorwa. Mama mkwe akaingia, akashika gurudumu moja, akasukuma jingine, na kiti kikazunguka. Mzunguko mzima. Akazunguka tena, safari hii kwa mbwembwe, khanga ikapepea.

"Mwanangu!" akaita. "Kinageuka! Sebuleni hakigeuki, hapa kinageuka!"

Wifi akaangalia pembeni. Nilimwona akijifuta jicho kwa kidole kilichoshika funguo za gari.

*

Mkaguzi wa rufaa alikuja na Mtaalamu, kila mmoja na gari lake, wakisalimiana kama watu wasiojuana. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mwavuli, ingawa hapakuwa na wingu hata moja. Nilimkaribisha chai.

"Nikiwa kazini sinywi cha mtu," akajibu kwa upole, akafungua mwavuli dhidi ya jua.

Bwana Kivuli alikuwa upande wake wa uzio, ambao ni waya tu usiofika kifuani. Ameshika ndoo ya kumwagilia, kofia kichwani, kifua mbele.

Mkaguzi akatembea kando ya mapazia yangu. Akayagusa. "Kazi nzuri," akasema, nami roho ikatulia. Kisha akafika penye uzio, akatazama chini.

Sote tukatazama chini.

Kivuli cha chumba changu kilikuwa kimeivuka njia ya jirani na kulala, starehe kabisa, juu ya tuta la kwanza la nyanya.

"Ha!" akasema Bwana Kivuli. Neno hilo moja tu, lakini alilisema kwa mwili mzima.

Mkaguzi akatoa kalamu. Mtaalamu akanivuta kando kwa kiwiko, anatabasamu kwa meno na kuongea puani.

"Umepima nini wewe?"

"Mchoro, dada! Naapa, nimepima mchoro kama ninavyopima..."

Nikanyamaza.

Kwa sababu nilijua nilivyopima. Nilipima kama ninavyopima kila siku.

Mshona mapazia hapimi dirisha peke yake, jamani. Pazia lililokatwa sawasawa na dirisha ni aibu, linapitisha mwanga pembeni. Unapima dirisha, halafu unaongeza shibiri moja kushoto, shibiri moja kulia, na shibiri nyingine juu, maana fimbo ya pazia hukaa juu ya dirisha. Mikono yangu inaiongeza hiyo ziada bila kuniuliza. Imefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi. Na jana yake, mbele ya mchoro wa chumba cha mama mkwe wangu, iliongeza tena.

Nilikuwa nimekijenga chumba kipana zaidi na kirefu zaidi kuliko tulichoomba. Nilikuwa nimekwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kumtafutia Bwana Kivuli ushahidi.

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa inashuka kwenye karatasi.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nikinyamaza, tumekwisha, gari linaondoka na mama. Nikisema, nitaonekana tapeli aliyenaswa au mpumbavu asiyejua kupima. Nikachagua upumbavu.

"Bwana mkaguzi, hiki siyo chumba chenyewe!"

Mtaalamu akafumba macho.

Nikamweleza yote. Dirisha, fimbo, shibiri. Nilimwonyesha kwa kiganja changu. Bwana Kivuli akacheka mpaka ndoo ikamwagika.

"Anacheza na sheria huyu! Kivuli kimemuumbua, sasa anataka chumba kisinyae!"

Lakini mkaguzi alikuwa amefunga mwavuli wake.

"Mama, miaka yote ninayofanya kazi hii, watu wananipunguzia. Nguzo zinasogezwa ndani, kamba inalegezwa. Wewe ndiye wa kwanza kunidanganya kwa kujiumiza mwenyewe." Akakohoa, nadhani alikuwa akizuia kicheko. "Mchoro uko wapi? Sogezeni nguzo sasa hivi, mbele yangu."

Hamjawahi kuona nguzo zikisogezwa vile. Mkaguzi anashika futi kamba, mimi nang'oa, wifi anashindilia udongo kwa kisigino cha kiatu cha ofisini, Mtaalamu amevua viatu vyake kabisa na miwani imemwangukia puani. Mama mkwe tukamwomba atoke.

"Sitoki," akajibu kutoka ndani. "Chumba ni changu. Kijengeni nikiwemo."

Tukakijenga akiwemo. Nguzo zikaingia ndani, mapazia yakashuka. Tukakimbilia uzioni.

Kivuli kilikuwa kimeishia katikati ya njia. Tuta la kwanza lilikuwa linang'aa kwa jua, kila jani.

"Jua nalo limepanda!" Bwana Kivuli akalalamika. "Wamesubiri jua lipande!"

"Limepanda kidogo," mkaguzi akasema, akilinganisha saa yake na hesabu za Mtaalamu. "Hilo nimelitoa kwenye hesabu. Kivuli kimerudi zaidi ya pale jua lilipokirudisha. Mshauri huyu alikuwa sahihi."

Wifi akapiga kigelegele, kisha akakumbuka yuko upande gani, akakikatisha katikati. Mtaalamu akaniminya mkono hadi pete ikaniacha alama. Nami nilikuwa tayari nimeanza kufikiria mlango. Wa mbao. Wenye kitasa kikubwa cha shaba, ambacho mkono wa mama mkwe utakishika bila taabu.

"Mwanangu."

Sauti ilitoka ndani ya mapazia. Ndogo.

"Mama, tumeshinda!"

"Nasikia. Lakini njoo kwanza."

Nikaingia. Kitanda kilikuwa upande mmoja, pazia upande mwingine, na mama mkwe katikati, gurudumu moja limegonga mguu wa kitanda, jingine limenasa kwenye kitambaa. Alikuwa ameanza kugeuka na hakuweza kumaliza. Wala kurudi hakuweza.

"Hakigeuki," akasema. "Nimejaribu huku na huku."

Pazia likafunuliwa nyuma yangu. Mkaguzi. Akatazama kiti, akatazama kitanda, akatazama futi kamba mkononi mwake.

"Mchoro huu ulichorwa lini?"

"Kabla hatujakataliwa," nikajibu. "Wakati huo alikuwa anatembea na mkongojo. Kiti kimekuja baadaye."

Mtaalamu alikuwa amesimama peku mlangoni pasipo na mlango. "Nilipima mwanga," akasema taratibu, kama anayejisemea. "Sikupima kiti."

Nilipiga magoti nikaanza kulinasua gurudumu kutoka kwenye pazia langu zuri la kujivunia.

Mkaguzi akasema kwa sauti ya chini, na sikumchukia, maana niliona hakupenda anachokisema. "Mama, lazima nikueleze. Rufaa inahusu chumba kilichochorwa. Hiki. Sina ruhusa ya kukubali kile kikubwa cha asubuhi, hakikuombwa. Mkikitaka kile, mnaondoa rufaa hii na kuanza maombi mapya toka mwanzo. Na jirani ataulizwa upya, na safari hii kivuli kweli kinafika kwenye nyanya."

"Maombi mapya yatachukua muda gani?" wifi akauliza.

"Mrefu."

"Mimi siwezi kusubiri muda mrefu. Gari liko nje."

"Andika hiki kidogo," mama mkwe akasema ghafla. "Mwanangu, mwambie aandike. Nitaingia kwa mbele, nitatoka kinyumenyume. Malori si yanafanya hivyo? Mwanangu wa kiume atanifundisha."

Akacheka. Hatukucheka naye.

"Mama hatatoka kinyumenyume chumbani mwake kila asubuhi," wifi akasema, na sauti yake ikavunjika. "Kwangu atageuka. Kwangu kuna nafasi."

"Kwako kuna nafasi hakuna mtu," mama mkwe akamjibu.

Mkaguzi akanigeukia. Maombi yaliandikwa kwa jina langu, kwa hiyo jibu lilikuwa langu. "Niamue hiki, au unaondoa rufaa?"

Wakanitazama wote. Wifi, Mtaalamu, mkaguzi na kalamu yake, na mama mkwe aliyeushika mkono wangu kwa vidole vyake vikavu. Ninyi mnanijua. Maneno hayajawahi kuniishia. Siku hiyo nilifungua mdomo, nikautafuta ulimi wangu, sikuuona.

Ndipo tukasikia ndoo ikitua chini kwa kishindo.

Pazia la upande wa uzio lilikuwa limebaki wazi nusu. Bwana Kivuli alikuwa amesimama pale pale kwenye waya, kofia ameivua, anamtazama mama mkwe kwenye kiti. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Sijui alikuwa amesikia mangapi.

Akageuka. Akaenda kwenye tuta la kwanza la nyanya, akainama, akakishika kigingi cha kuegemeza mche wa pembeni, akakivuta kwa mikono miwili mpaka kikatoka na udongo wake. Mche ukalala chini, nyanya zake mbichi zikagusa ardhi.

Kisha akauvuka waya, mguu mmoja, mguu wa pili, kigingi kimeelekezwa kwetu kama mkuki. Wifi akasogea mbele ya mama yake.

"Bwana mkaguzi, usiandike kwanza," Bwana Kivuli akasema, akihema. "Na mimi nina kigingi changu cha kupigilia hapa."